Kiti cha mtemi kilifikaje Ulaya?

Jamani, leo tuongee kuhusu kiti. Sisemi kiti cha ubunge, kile mnakifahamu vizuri. Nasema kiti cha enzi cha Kinyamwezi: miguu mitatu, egemeo refu, vyote vimechongwa katika gogo moja. Kimoja kiko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, wamekipata mwaka 1980. Maelezo: Wanyamwezi, karne ya 19. Jina la mtemi aliyekikalia? Halipo.

Naandika nikiwa Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, na hapa hata mtoto wa shule akitaka kumwona Livingstone anapelekwa Kwihara kwenye tembe lake. Akitaka kuona kiti cha watemi wake apande ndege!

Sasa kuna wasomi wetu, tena waliosoma kweli, wanaosema bora Wazungu walivitunza, vingeliwa na mchwa. Hoja hii inanichosha. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vinavyokusanywa na misafara inayogharamiwa na dola vipelekwe kwanza makumbusho ya Berlin. Baadaye na maofisa wa makoloni wakaingizwa humo. Felix von Luschan wa makumbusho hayo akawaandikia mwongozo kabisa wa namna ya kukusanya. Na Januari 1893, Tom von Prince alipovunja boma la Isike hapa Unyanyembe, mtemi akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Niambieni, mkusanyaji aliyefuata baada ya hapo alikuwa anabishana bei na nani?

Sisemi kila kitu kiliporwa. Vingine viliuzwa, vingine vilitolewa zawadi. Ndiyo maana nataka karatasi! Nani alikichukua, lini, kijiji gani, kwa shilingi ngapi au kwa risasi ngapi.

Na sisi tusijifiche. Mwaka 1963 tulifuta utemi kisheria, tukafuta na hamu ya kuuliza vifaa vyake viko wapi. Mwaka 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba radhi, vizuri. Lakini vijiweni kinachodaiwa kwa sauti kubwa ni yule dinosaria wa Tendaguru. Mjusi ana mawakili wengi kuliko watemi!

Wizara ianze na jambo dogo: iombe Berlin nakala za kumbukumbu za kila kitu kilichotoka Unyamwezi, zitafsiriwe Kiswahili, zibandikwe Tabora mjini. Siyo Dar. Tabora, wajukuu wa wenye vitu wasome wenyewe.