Mto Usio na Picha Hauna Shahidi

Mtu wa pwani akifunga safari ya Nyeri na kamera begani, watu wa nyumbani wajua mapema atarudi na nini. Ataleta Mlima Kenya na theluji yake alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Ataleta ndovu wa msitu wa Nyandarua, na labda kaburi la Baden-Powell, aliyefariki huko mwaka 1941. Sina ugomvi na picha hizo, lakini ziko katika kila kalenda. Ninayoililia mimi ni ile isiyopigwa: picha ya kijito cha kawaida, chenye nduma ukingoni, iliyopigwa masika na kiangazi kutoka mahali pamoja.

Naanza kwa kukiri kosa langu. Ujanani nilifanya kazi ya duka mjini Nyeri kwa miaka saba. Kila Ijumaa baada ya sala, sisi wachache tuliotoka pwani tulikuwa tukiteremka hadi Mto Chania, tukasimama darajani tukapiga picha. Kamera ilikuwa moja, filamu ya picha 36, na kuisafisha kulikuwa ghali. Kwa hiyo kila picha ilidai sura ya mtu. Majuzi nilifungua bahasha ya picha zile. Nikamwona sahibu yangu, sasa marehemu, na kofia yake ya viua, nikamwombea rehema. Mjukuu wangu akachungulia akauliza, "Babu, mto huu ulikuwa mkubwa?" Nilikosa jibu. Nyuma ya bega la marehemu maji yaonekana kwa upana wa kidole tu. Miaka saba tuliupa mto mgongo.

PAZIA LA STUDIO

Nadhani tabia hii twaijua ilikotoka. Mombasa na Lamu picha ilikuwa ni ya studio. Mteja alivaa vyema, akasimama mbele ya pazia lililochorwa mandhari, hali bahari na minazi ya kweli iko hatua chache nje ya mlango. Mafundi kama Omar Said Bakor wa Lamu na N. V. Parekh wa Mombasa walituhifadhia sura za watu wetu, na kazi yao ni hazina. Lakini nchi yenyewe, mikoko na mito yake, nani aliihifadhi?

Tena ni ajabu. Wako wazee wetu waliokuwa wakiikwepa kamera kwa uchaji. Maulamaa wamekhitilafiana juu ya picha ya chenye roho, na mimi si mtu wa kuamua baina yao. Lakini mti, jiwe na maji hayamo katika khitilafu hiyo. Tangu zama za Ibn Abbas, mchoraji aliyeing'ang'ania kazi yake alielekezwa kwenye mti na kila kisicho na roho. Basi picha isiyo na ubishi ndiyo tuliyoiacha.

MAJIRA YA MTO

Sisi twahesabu mwaka kwa pepo, kaskazi na kusi. Wakikuyu wa Nyeri wauhesabu kwa mazao. Masika yetu, Machi hadi Mei, wao waita mvua ya njahi, na njahi ndizo fiwi. Vuli yetu, Oktoba hadi Disemba, ni mvua ya mwere, na mwere ndio mawele. Katikati ziko baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti, na jua la Januari na Februari.

Mpiga picha asiye na subira hungoja maji meupe. Akiyaona mekundu mwezi wa Aprili hufunga kamera akaenda zake. Kumbe wekundu ule ndio habari yenyewe: ni udongo wa mashamba ya mteremkoni unaotoroka. Mwezi wa Julai ukungu hulainisha mwanga, matone yakakaa juu ya jani la nduma, na kitambaa cha kufutia lenzi hakitoki mkononi. Mwezi wa Februari maji hushuka, mawe yakatoka, na pamoja na mawe hutoka siri: mipira ya kunyonyea maji, na mikaratusi iliyopandwa hadi ukingoni. Picha moja kati ya hizo ni pambo la ukutani. Zikiwa nne, za mahali pamoja na saa moja, kila moja ikiandikwa tarehe, hizo ni ushahidi.

NENO NA PICHA

Marehemu Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, huko huko Nyeri, mwaka 1940. Alipopokea Tuzo ya Nobel mjini Oslo mwaka 2004, aliusimulia ulimwengu juu ya kijito cha karibu na kwao. Utotoni aliyanywa maji yake vivi hivi, akajaribu kuokota mayai ya vyura kati ya nduma akidhani ni shanga. Zaidi ya miaka 50 baadaye kijito kilikuwa kimekauka, na akina mama wakienda mbali kutafuta maji. Ulimwengu ulimwamini. Lakini ni wangapi walio na ulimi wa Wangari? Mkulima asiye na jina akisema kijito chake kilikuwa kikijaa, huambiwa uzee unamchezea.

Hebu tazama barafu ya Mlima Kenya. Msafara wa Mwingereza Halford Mackinder, uliofika kileleni mwaka 1899, ulirudi na picha, na waliofuata wakazidi kupiga na kupima. Kwa hiyo leo hakuna anayebisha kwamba barafu iitwayo Lewis ilipoteza kiasi cha sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Barafu ilipata mashahidi. Vijito wanavyonywa watu havikupata.

Na yatuhusu nini sisi wa pwani? Maji ya Chania huingia Sagana, na Sagana ndio mwanzo wa Tana. Hupita bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na huko huacha sehemu ya udongo wake. Kisha Garissa, Hola na Garsen, hadi Kipini baharini. Yakipungua huko juu, maji ya chumvi hupanda mtoni kuelekea mashamba ya Ozi. Yakizidi, huja gharika kama za 1997 na 2024. Hivyo picha ya kijito cha Nyeri ni habari ya Kipini.

Mtu ataniambia leo kila mmoja ana simu na picha zimejaa tele. Naam, lakini simu nayo imegeuzwa kumtazama mwenyewe. Mto bado uko mgongoni, na simu ikipotea na picha zimepotea. Mwingine atasema picha haileti maji. Kweli, wala shahidi si kadhi. Lakini bila shahidi kesi haisimami.

Ombi langu ni dogo. Shule za Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki kila moja ichague daraja moja na ipige picha nne kwa mwaka. Shule za Garsen na Kipini zifanye vivyo hivyo, kisha wapelekeane. Picha zichapishwe, ziandikwe tarehe nyuma, ziwekwe kabatini. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Kwa mto methali hiyo haifai, kwani asiyeijua jana yake hawezi kuidai kesho yake.

Mimi, Mungu akipenda, masika yajayo nitampeleka mjukuu wangu Chania. Yeye atapiga. Mimi nitasimama kando, nisimzibie maji.