Ndege Bora ya Usiku Si Ile Unayochaguliwa na Kompyuta

Leo naweka kando lugha za kuprogramu. Nina ugomvi na aina moja ya programu tunayoitumia sote tukitaka kusafiri mbali: ile ya kutafuta tiketi za ndege. Unaandika Nairobi, unaandika London, unachagua tarehe, kisha unaletewa safari arobaini, na ile ya juu kabisa imewekewa alama kwamba ndiyo bora.

Bora kwa nani?

Mimi kazi yangu ni kuunda programu, kwa hivyo orodha kama hiyo hainitishi. Kuna bei, kuna jumla ya muda wa safari, kuna idadi ya vituo. Kila kimoja kinapewa uzito wake, vinajumlishwa, orodha inapangwa. Saa ya kuondoka imo ndani ya hifadhidata, lakini kazi yake ni kukusaidia kuchuja tu: asubuhi, mchana, jioni. Swali ambalo lingemfaa abiria wa usiku haliulizwi kabisa. Huyu mtu atapata usingizi wa saa ngapi?

Najua jibu la wengi: "Panda ya usiku wa manane, utalala tu." Hapa ndipo tunapodanganyana. Tufanye hesabu.

Chukua ndege inayotoka JKIA saa tano na nusu usiku kwenda London. Safari ni takriban saa tisa. Saa moja na nusu ya mwanzo si yako: ndege inapaa, toroli la chakula linapita, taa zinawaka. Saa moja na nusu ya mwisho pia si yako, maana kuna kiamsha kinywa na maandalizi ya kutua. Giza la kweli ndani ya ndege ni kuanzia saa saba usiku hadi saa moja asubuhi, kwa saa za Nairobi. Mwili wako umezoea kulala kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ukitafuta pale vipindi viwili hivi vinapokutana, unabaki na saa tano. Hizo ni saa tano za kuketi, huku jirani akikuomba umpishe aende msalani.

Na kumbuka uliamka saa ngapi siku hiyo. Kama uliamka saa kumi na mbili asubuhi, taa za ndege zinapozimwa tayari umekaa macho saa 19. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililolinganisha kukesha na ulevi. Baada ya saa 17 za kukaa macho, uwezo wa watu waliopimwa ulishuka hadi kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Alkoblo haipimi usingizi, lakini uchovu ule ule ndio unaoshuka nao London saa kumi na moja na nusu alfajiri mwezi wa Januari, kwenye baridi, ukajibu maswali ya afisa wa uhamiaji, kisha ukatafuta treni au, Mungu apishe mbali, ukaendesha gari la kukodi.

Kwa mtu anayekwenda kutembea, labda si neno. Lakini wengi wetu hatupandi ndege kwenda kutembea. Tunakwenda kufanya mtihani, kuhojiwa kazi, kumwona mgonjwa, au kuanza kazi kwa mwajiri ambaye hatujawahi kumwona, na mkataba unatiwa sahihi siku hiyo hiyo ya kufika. Hiyo ndiyo siku unayohitaji akili yako yote.

Basi kwa nini ndege nyingi za kwenda Ulaya hutoka kwetu usiku wa manane? Si kwa sababu mwili wa Mkenya unapenda hivyo. Uwanja wa Heathrow una kikomo cha safari za usiku, kati ya saa tano na nusu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ambazo hazizidi 5,800 kwa mwaka mzima. Frankfurt, tangu mwaka 2011, haipangi ndege kutua wala kupaa kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Majirani wa viwanja hivyo walidai haki yao ya kulala, wakapewa. Isitoshe, mashirika yanataka abiria wafike mapema asubuhi ili waunganishe na ndege nyingine. Ukirudisha saa nyuma kutoka huko, unakuta ndege lazima iondoke kwetu wakati ambapo ungekuwa unakoroma. Siwalaumu majirani wa Heathrow. Ninachokataa ni programu kuchukua ratiba iliyopangwa kwa faida ya wengine, ikaibandika alama ya bora, nasi tukaitikia amina.

Kibaya zaidi ni ile safari ya bei nafuu inayopitia Ghuba. Nairobi hadi Dubai ni kama saa tano. Ukiondoka saa tano usiku na kutoa zile saa tatu za toroli na taa, unabaki na saa mbili za giza. Unaamshwa saa nane na nusu usiku kwa saa ya mwili wako, pale usingizi ulipo mzito, unashushwa kwenye uwanja wenye mwangaza wa duka la vito, kisha unaambiwa usubiri ndege ya pili. Tovuti inaiweka karibu na juu kwa sababu umeokoa pesa. Usingizi uliopoteza hauna safu katika jedwali lao, kwa hivyo kwao haukupotea.

Sasa msidhani nasema usiku wa manane ni mbaya siku zote. Ndege za moja kwa moja za Nairobi hadi New York zilianza Oktoba 28, 2018, na safari hiyo huchukua takriban saa 15. Ukiondoka saa tano usiku, giza lako laweza kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa sita na nusu mchana, saa za Nairobi. Kuna nafasi ya kula, kulala, kuamka, kusoma, hata kusinzia tena kabla ya kutua. Saa ile ile ya kuondoka inayokuumiza ukienda Dubai inakufaa ukienda New York. Kwa hivyo anayekuambia kuna saa moja bora kwa kila safari hajafanya hesabu.

Na mwelekeo nao una neno lake. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba saa ya ndani ya mwanadamu huenda kwa wastani wa saa 24 na dakika 11. Imezidi siku kidogo, ndiyo maana mwili huvumilia kurefushiwa siku ukielekea magharibi kuliko kufupishiwa ukielekea mashariki. Tazama ukirudi nyumbani kutoka London, safari ya saa nane na nusu. Ukiondoka saa moja jioni, unapata saa nne tu ndani ya usiku wa mwili wako. Ukiondoka saa nne usiku, unapata tano na nusu. Kiti ni kile kile, pengine na bei ni ile ile, lakini umeongeza saa moja na nusu ya usingizi kwa kusogeza kidole chini kwenye orodha.

Kanuni ninayoifuata ni hii:

1. Safari chini ya saa saba: usiende usiku kama kuna ya mchana. Hutalala, utakesha tu.

2. Safari ya saa nane hadi kumi: piga hesabu ya vipindi viwili nilivyoeleza. Ukipata chini ya saa tano, angalia ya mchana. Njia ya London imekuwa na ndege za asubuhi. Unafika alasiri na unalala kitandani usiku huo huo.

3. Safari ya saa 13 na zaidi: ondoka usiku sana, ule kidogo, ulale.

Kuna watakaosema ndege ya usiku inaokoa siku ya kazi na gharama ya hoteli. Hoteli nyingi hazikupi chumba kabla ya saa nane mchana. Ukitua alfajiri utakaa na mizigo yako kwenye mapokezi, ukisinzia kama mlinzi wa lango, na siku uliyookoa imekwisha bila kufanya lolote.

Jambo la mwisho nawaambia waundaji wenzangu. Tiketi ya Jumamosi saa 00:30 inaondoka usiku ambao wengi wetu tunauita Ijumaa usiku, na nawajua watu waliofika uwanjani siku moja baada ya ndege yao kupaa. Kiswahili kilishamaliza tatizo hili zamani: tunasema usiku wa kuamkia Jumamosi. Maneno manne tu, na sijaona tovuti hata moja iliyoyaweka kwenye tiketi. Kupata pale vipindi viwili vinapokutana nako ni mistari kumi ya programu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiandika kabla chai haijapoa. Iandikeni. Wekeni safu ya usingizi kando ya safu ya bei, halafu mwacheni msafiri achague mwenyewe.