Nesi wa Matai, sehemu ya 7: Kabla hujatuma hela ya uzi wa mbali

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu kofia za watoto wachanga. Leo natimiza, ila naanza na hela.

Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Kichanga hupoteza joto haraka, na kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake, ndiyo maana nikiwa zamu nasisitiza kofia. Mwaka jana akina mama kumi na wawili wa kikundi chetu tulichanga elfu tano tano, tukaagiza seti ya kufumia kutoka Dar: nyuzi, sindano za kroshia na jarida la mitindo. Picha ilikuwa nzuri jamani! Mzigo ukaja na basi. Kufungua: madonge sita madogo, rangi hazifanani na za kwenye picha, sindano moja, na "jarida" ni fotokopi. Kofia ya kwanza tuliyofuma ilimtosha mtoto wa miaka miwili.

Maoni yangu ni haya: usinunue seti ya mbali kabla hujaona donge moja na ukurasa mmoja. Muuzaji anayekataa kukuonyesha hivyo viwili, achana naye.

Donge. Uliza gramu na mita. "Donge kubwa" siyo kipimo. Mwambie apige picha ya lebo, asome kama ni pamba, sufu au akriliki. Kikundi kinunue donge moja kwanza, hata kama nauli ya mzigo inauma. Likifika, kata kipande kidogo ukichome nje, ukikishika kwa koleo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Akriliki huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Akriliki siyo mbaya, inafulika na bei yake ni nafuu, ila usiuziwe kwa bei ya sufu. Na wewe mama unayeota moto na mtoto mgongoni, kumbuka kile kitone: uzi ule ukishika moto unayeyukia kwenye ngozi.

Ukurasa. Usiridhike na jalada. Omba picha ya ukurasa mmoja wa maelezo, uangalie mambo mawili. La kwanza, je, kuna vipimo vya sentimita? Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa siku zake huwa kama sentimita 35, mimi nakipima kila siku. La pili, herufi "dc". Mmarekani na Mwingereza wote wanaziandika, lakini kwa Mmarekani ni mshono mrefu, kwa Mwingereza ni ule mfupi. Sisi tulijifunza kwenye video za Kimarekani, jarida lilikuwa la Kiingereza cha Uingereza. Ndiyo maana kofia ikawa sufuria! Jarida zuri huandika mwanzoni linatumia mtindo wa nchi gani. Lisiposema, uliza.

Najua wengine mtasema, "Nesi, si mnunue Sumbawanga mjini tu, mshike kwa mkono?" Ni kweli, na ukikipata unachotaka kule, nunua kule. Ila nyuzi laini za watoto hatuzikuti kila mara, kwa hiyo sikatazi kuagiza. Ninachokataa ni kutuma hela yote kwa sababu ya picha. Elimu yenu ya kununua isilipiwe na mfuko wa kikundi kama ilivyotokea kwetu. Elfu sitini ile ilikuwa ya mama anayeuza mahindi, ya mama mjane, na ya binti aliyejifungua juzi.

Hata jarida lenyewe, siku hizi nasema liacheni mwisho. Kofia moja iliyomkaa mtoto vizuri inatosha kuigwa na kikundi kizima. Anayetaka kipimo aje kliniki na uzi wake, futi ya kupimia ninayo mfukoni.

Sehemu ya 8: kitovu, na mambo tunayoyapaka.