Vyuma vya vijana na sakafu ya mama

Leo tuongee juu ya sakafu.

Katika viwanja vingi vya Mweso tunaona kitu kimoja: bomba la chuma, na kila upande kopo la maziwa ya unga lililojazwa zege. Ndivyo vyuma ambavyo vijana wetu wanainua jioni wakitoka shamba au masomo. Mvua ikinyesha, na huku kwetu Masisi haikawii, wanaingia navyo ndani. Hapo ugomvi unaanza. Sakafu ya simenti mama ameilipia kwa maharagwe ya misimu mingi, mfuko mmoja leo, mwingine mwaka ujao. Ufa wa siku moja unaweza kuharibu kazi hiyo yote.

Sisi hatusemi vyuma vifukuzwe. Kijana ambaye wenzake wanamngoja saa kumi na moja kwa mazoezi ana mahali pa kuwa, na kila mzazi wa hapa anajua thamani ya jambo hilo. Tunasema tu kwamba sakafu itayarishwe kabla ya chuma kuingia.

Tuanze na hesabu. Lita moja ya zege ina uzito wa zaidi ya kilo 2. Kopo la lita 4 linakaribia kilo 9, kwa hiyo makopo mawili na bomba lake ni kama kilo 20, sawa na bido kubwa la maji. Lakini kitu kinachoanguka hakipigi kwa uzito wake tu. Kikianguka kutoka nusu mita, kisha kikasimama ndani ya sentimita 1, kinapiga kwa nguvu ya mara 50 hivi, yaani kama tani nzima. Kikisimama ndani ya milimita 1 tu, kama kwenye simenti kavu, nguvu inazidi hapo mara 10. Ndiyo maana simenti nyembamba iliyomwagwa juu ya udongo inapasuka, na kopo lenyewe linapasuka pia.

Kwa hiyo kanuni ni hii: miguu inataka pagumu, chuma kinataka palaini. Wengine wanatandika godoro la zamani kila mahali. Hiyo ni hatari, kwa sababu mguu unayumba juu ya godoro na mgongo unaumia. Katika mashindano makubwa jukwaa lina upana wa mita 4 kila upande, na mabamba ya vyuma yamefunikwa mpira. Nyumbani, mita 2 kwa mita 2 na nusu zinatosha bomba fupi.

Juu ya simenti, panga mbao za mkaratusi zilizokauka, zibanane. Panga safu ya pili juu yake ikielekea upande mwingine, kisha pigilia misumari na uhakikishe hakuna ncha inayotokeza. Mbao zinatawanya pigo mahali papana. Katikati, penye miguu, acha mbao wazi. Pande mbili ambapo makopo yanatua, weka mpira.

Mpira tunao: mapine mazee. Mwombeni fundi anayekata viatu vya pine awakatie, maana anajua wapi kisu kinapita. Mapine mengi ya gari yana nyuzi za chuma ndani, na ukingo wake una waya mnene. Kipande chenye waya unaotokeza kisiingie nyumbani. Kitachana mguu wa mtoto. Pine la pikipiki ni jembamba, basi litandikwe mara mbili au tatu.

Asiyepata mpira achukue magunia mawili, ayajaze unga wa mbao mpaka nusu, ayashone, na kuyalaza ndani ya fremu ya mbao ili yasiteleze. Yakilowa yanaoza, basi yaanikwe jua likitoka. Hata mpira uinuliwe kila juma, sakafu ipumue. Vipande vya pine vilivyobaki visiachwe nje vikishika maji, kwa kuwa mbu wanazaa humo.

Nyumba yenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo haifai kabisa kwa kazi hii. Sakafu ya udongo inavumilia zaidi ya tunavyofikiri: itachimbika shimo, utaliziba na kulishindilia, mradi pasiwe na utelezi. Mwenye kupanga nyumba amwulize kwanza mwenye nyumba, maana ufa wa sakafu ya mwingine ni deni.

Mbabula ikae mbali na mpira. Watoto wadogo wasiingie wakati wa mazoezi, na bomba lisiachwe limesimama ukutani. Na kinga inayopita zote haina bei: chuma kishushwe kwa mikono, kisitupwe. Anayeshindwa kukishusha polepole amebeba kizito kuliko nguvu zake.

Neno moja kwa wazazi wa mabinti. Wanawake wanashindana kunyanyua vyuma katika Olimpiki tangu mwaka 2000 huko Sydney, na bomba lao la mashindano ni la kilo 15. Binti anayepandisha bido la lita 20 kutoka mtoni kila asubuhi asiambiwe kwamba kona hiyo ni ya kaka zake peke yao. Apangiwe zamu yake, na afundishwe kuinua mgongo ukiwa umenyooka. Hilo litamsaidia hata mtoni.

Kabla ya kupigilia ubao wa kwanza, kaeni pamoja mkubaliane: nani anafagia, nani anaanika magunia, na ufa ukitokea nani ananunua simenti. Mwenye swali alilete kwenye mkutano wetu wa juma.