Joginder Hakuwa na Papara

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Suna kwa matanga. Pale mjini Migori nilipanda Probox ya mpwa wangu. Tulijibana watu tisa, bila kuhesabu kuku aliyepakatwa na mama mmoja mzee. Lami ilipokwisha tukaingia murram, nikadhani kijana atapunguza mwendo. Wapi! Kona ya kwanza tuliikata kwa magurudumu mawili.

"Pole pole, okewa," nikamwambia.

"Usiogope, nera," akajibu akicheka. "Huku wananiita Joginder."

Msomaji mpenzi, jina hilo lilinirudisha utotoni. Enzi zetu Pasaka ilikuwa na mambo mawili: kanisa na Safari Rally. Tuliizunguka redio ya mwalimu kusikiliza ni nani anayeongoza, kisha tukatoka nje na magari yetu ya waya. Kila mtoto alitaka kuwa Joginder, na wakati mwingine tulipigana ngumi kwa ajili ya jina hilo.

Kabla sijamaliza kuwaza, springi ikalia "ta!" na gari likaingia mtaroni. Kuku alitoka salama. Mwenyewe aliteguka mkono, akawa analia kimya kimya.

Alipopata gari la kumpeleka hospitali, sisi tuliobaki tuliketi chini ya mti kumsubiri fundi. Nilimwona kijana anatetemeka. Sikumgombeza. Nilimsimulia tu habari za mtu aliyeliazima jina lake.

Joginder Singh alizaliwa mwaka 1932 Kericho, hapo hapo jirani. Baba yake alikuwa na gereji, naye akakua mikono ikinuka grisi. Mwaka 1958 kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwasaidia madereva waliokwama. Kwa hiyo kabla dunia haijamwita Singasinga Arukaye, alikuwa ameshaona kwa macho yake jinsi magari yanavyouawa na wenyewe.

Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo kuukuu, iliyokuwa imeshakimbizwa katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wakashinda, tena kwa zaidi ya saa moja na nusu! Mwaka 1974 alichukua Mitsubishi Lancer, kigari cha injini ya lita 1.6, akamwacha nyuma Björn Waldegård wa Uswidi aliyekuwa na Porsche. Mwaka 1976 akashinda tena. Hakuna aliyekuwa ameshinda Safari mara tatu kabla yake.

"Si unaona, nera? Alikuwa moto!" kijana akasema.

"Ngoja," nikamwambia. "Mwaka 1968 mvua ilinyesha ya gharika. Yaliondoka magari 93. Unajua yalifika mangapi? Saba! Joginder alikuwa wa tano. Na katika Safari 22 alizoshindana, alifika mwisho mara 19. Wenye mbio kumshinda walikuwepo, lakini walilala mtaroni kama sisi."

Kijana akainama.

Nikamweleza kwamba yule bwana alilisikiliza gari kama daktari anavyosikiliza kifua. Alijua jiwe la kukwepa na tope la kuingia taratibu. Tena pembeni yake aliketi mwenzake mmoja aliyevaa kofia ngumu na kuikubali hatari ile. Yule mama wa kuku hakukubali chochote. Alilipa nauli afike kwake.

Joginder alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 81. Mtu aliyeishi kwa mbio alikufa mzee. Hilo nalo ni la kutafakari, hasa kwenu vijana mnaoendesha bodaboda na matatu, na ninyi wanafunzi mnaomshangilia dereva "avume".

Alhamisi iliyopita mpwa wangu alinipigia simu. Alikuwa amelipa gharama ya mkono wa yule mama kwa mafungu mawili, na sasa hapakii zaidi ya abiria wanaotosha kwenye viti. Lakini alikuwa na malalamiko.

"Nera, abiria wanasema nimekuwa mzito. Hawaniiti tena Joginder."

Nikamjibu, "Waache waseme. Sasa ndipo umeanza kufanana naye."

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.