Vyeti Tunavyo, Funguo Hatuna

Vijana wenzangu, mimi nina vyeti vitano vya mafunzo ya uongozi. Naviweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, mvua isivilowanishe. Vina mihuri mizuri sana. Lakini mpaka leo sijawahi kukabidhiwa bajeti, hata ya shilingi elfu hamsini.

Hapa Nakivale tumeshazoea. Shirika linakuja, linatuita ukumbini siku mbili, karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi, soda na chapati. "Kiongozi bora ni nani?" Tunajibu: mwaminifu, msikivu, mwenye maono. Makofi, picha ya pamoja, kila mtu kwao. Mwaka unaofuata swali ni lilelile.

Halafu ikafika 2025. Marekani ikakata misaada, mashirika yakaanza kupunguza watu. Pale nilipokuwa najitolea, maafisa watatu waliondoka ndani ya wiki mbili. Asubuhi wamama wakaja kuniuliza, "Mwanangu, majina yetu yako wapi?" Majina yalikuwa kwenye kompyuta, na neno la siri limeondoka na afisa. Mimi ndiye niliyeyaandika yale majina, nyumba kwa nyumba, kwa miguu yangu. Kuyafungua sikuweza. Nikabaki nimesimama pale kama mlinzi wa duka la mtu.

Sasa mtu aniambie, hiyo ndiyo kujenga uwezo?

Mimi nakataa. Fundi cherehani pale sokoni hampi mwanafunzi wake cheti, anampa kitambaa. Kwanza kiraka, kisha sketi ya shule, mwisho nguo ya mteja, na yeye fundi anakaa pembeni anatazama. Mwanafunzi akikosea, anafumua na kushona upya. Kiongozi naye anakomaa hivyo hivyo.

Watasema ati wakimbizi hawajawa tayari, pesa zitapotea. Pesa hupotea popote, ndiyo maana kuna risiti na ukaguzi. Basi tufundisheni hizo risiti na huo ukaguzi! Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Na mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana wenyewe kwamba ifikapo 2020 angalau robo ya fedha za misaada iwafikie watoa huduma wa kienyeji. Mwaka huo ulipita, lengo halikufikiwa.

Lakini tusinyooshe kidole upande mmoja tu. Vikundi vyetu je? Mwenyekiti ni yuleyule, simu ya kikundi anayo yeye, daftari la fedha analo yeye. Siku akipata safari ya Kanada, kikundi kinakufa kabla ndege haijaruka. Tunawalaumu wakubwa kwa kosa tunalolifanya na sisi.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Mashirika: miezi sita kabla mradi haujaisha, kila afisa awe na mkimbizi anayejifunza kazi yake yote, kuanzia bajeti na ripoti mpaka idhini ya kufungua mafaili. Vikundi vyetu: katibu na mweka hazina wabadilishwe kila mwaka, na daftari lisomwe mbele ya wote.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu mwaka wa tatu sasa. Jumamosi nakuja na daftari. Nani atalipokea?