Treni iliishia Kamanyola, na sisi je?

Vijana wenzetu wa Bukavu,

Kila mara picha ya Kalemie ao ya Kinshasa inapita ku simu, reli iko ndani ya muji, karibu na nyumba za batu, tunaulizana: hapa kwetu, juu ya nini hakuna?

Jibu liko kule chini ya mulima. Miaka ya 1930, wakati Bukavu iliitwa Costermansville, Wabelgiji walikuwa na treni hapa Kivu. Kampani iliitwa CEFAKI. Reli ilitoka Uvira, ku bandari ya Kalundu, ikafuata bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, kilometa zaidi ya 90. Pale ikasimama. Kufika Bukavu, mizigo ilipanda ku barabara. Mbele ya uhuru wa 1960, treni ikafungwa.

Tunaambiwa: ni mulima. Kweli, mulima uko. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770, Ziwa Kivu karibu 1.460, na sehemu kubwa ya kupanda iko kati ya Kamanyola na sisi. Lakini reli ya Matadi mpaka Kinshasa nayo ilikuta milima. Ilimalizika 1898, na batu wengi sana walikufa juu yake. Pale mukoloni alitaka pembe na mpira vifike ku bahari, mulima haukumuzuia.

Ndiyo kusema, reli ya mukoloni ilifuata mali. Raia hakuwa ndani ya hesabu.

Na leo? Mizigo ya Uvira ingali inapanda Ngomo ku kamio. Barabara ikikatika wakati wa mvua, bei inapanda ku soko ya Kadutu. Anayelipa ni mama muuzaji, ni mwanafunzi, ni wewe.

Hatuliliye treni ya mukoloni. Tunakataa hesabu yake irudiliwe na viongozi wetu wenyewe. Siku mukubwa akikuja kutuahidi reli ao barabara, tumuulize mbele ya kupiga makofi: Itabeba nani? Itakula pesa ngapi? Mukataba uko wapi, tuusome?

Na wewe uliye na babu kule Kamanyola, Luvungi ao Uvira, muulize reli ilipita wapi, nani aliijenga. Andika. Historia yetu ikipotea, watatuuzisha ahadi ileile mara ya pili.

Bukavu ni yetu. Tusinyamaze.